Mtambazi wa maua ya bluu (Thunbergia) kwenye ukuta wa uani, niupande au niachane nao?

Mpenda_Kivuli

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kabla sijachimba shimo. Nina ukuta wa uani, urefu wake kama mita kumi hivi, matofali matupu, jua linaupiga kuanzia mchana mpaka linazama, na hata jioni ukikaa karibu bado unasikia joto linatoka kwenye matofali. Nataka kitu cha kuufunika na nataka maua, sio majani tu, na kwa kweli nataka kitu kinachokua haraka.

Sasa kuna rafiki yangu ana mtambazi mmoja mzuri ajabu, umepanda kwenye pagola yake, ile fremu ya mbao ya kupandishia mimea, mpaka mbao huzioni, maua makubwa ya bluu iliyopauka, ukilishika moja linajaa kiganja, ndani ya koo lina umanjano, alafu yananing'inia kwa mikufu kuelekea chini. Anasema ni Thunbergia na ameniambia niende nichukue vipandikizi ninavyotaka hata gunia zima. Mwenyewe nimeshaupenda. Ila jirani kusikia hivyo akaniambia niachane nao kabisa, eti utapasua ukuta, utaingia kwenye paa na sitautoa tena maisha yangu yote. Mtu mwingine naye kaniambia hauna shida yoyote, ni kuukatakata tu. Nimsikilize nani hapo?

Ninachotaka kujua ni kama kweli unapasua ukuta, kama ukipandwa kwenye chungu kikubwa unatulia, na kama nikiupanda ardhini panga peke yake linatosha kuuzuia.

Fundi_wa_Bustani

Ndugu umefanya vizuri kuuliza kabla ya kupanda, maana kwa mmea huu maswali mengi huwa yanakuja ukishakuwa juu ya paa. Kazi yangu ni kutunza bustani za watu na huu nimeupanda, nimeupogoa na nimeung'oa, kwa hiyo nakwambia ninachokiona kwa macho.

Kwanza hakikisha ni upi. Thunbergia ziko nyingi. Kwa maelezo yako wa rafiki yako utakuwa Thunbergia grandiflora, lakini kuna ndugu yake Thunbergia laurifolia ambao maua yake yanafanana mpaka watu wanachanganya. Angalia jani. La grandiflora ni pana, lina umbo la moyo kwa chini, kingo zake zina pembepembe na ukilipitishia kidole linakwaruza. La laurifolia ni refu jembamba na laini. Kwa habari ya kusambaa usitafute nafuu kati ya hizo mbili, tabia ni ileile.

Kuhusu ukuta jirani yako kakosea kidogo. Mtambazi huu hauna vile vimizizi vya kung'ang'ania ukuta kama mitambazi mingine, wala hauna vikono vya kushika. Wenyewe unapanda kwa kujisokota, ncha ya chipukizi inazunguka zunguka hewani inatafuta kitu cha kujiviringisha, ikikosa inaanguka na kutambaa chini. Kwa hiyo kwenye tofali tupu haupandi kabisa, lazima uuwekee waya au fito. Shida inakuja pale ukuta ukiwa na ufa tayari au paa lina upenyo. Chipukizi linaingia likiwa jembamba, alafu linanenepa humohumo ndani, na hapo ndipo vigae vinanyanyuka na gata zinang'oka. Na uzito jamani, watu wanausahau. Mmea uliokomaa ukinyeshewa mvua unabeba maji kwenye majani yote yale, pagola ya mbao nyepesi inalala. Nimeshakuta nguzo zimevunjika usawa wa ardhi.

Lakini hayo yote yapo juu na unaweza kuyamaliza kwa mkasi. Tatizo lenyewe lipo chini. Huu mmea unaweka mizizi minene ardhini kama mihogo, na inaendelea kunenepa mwaka hadi mwaka mpaka inafika makumi ya kilo. Humo ndimo ulipoweka akiba yake. Ukikata shina usawa wa ardhi unarudi, ukichoma unarudi, baridi kali ikiua majani yote juu unarudi. Na kipande cha mzizi ulichokikata kwa jembe ukakiacha udongoni kinachipua, kila pingili ya shina ikigusa udongo wenye unyevu inatoa mizizi, kwa hiyo yule anayesema ni kukatakata tu, mwambie vile vipande anavyoviacha chini ndiyo miche ya kesho.

Ukitaka kuupanda ardhini kabisa, weka sehemu ambayo unaweza kuuzunguka pande zote kwa miguu, mbali na nyumba na mbali na miti mikubwa, maana ukifika kwenye mti unaweza kupanda mita kumi na tano na zaidi, unaufunika mti wa watu mpaka unakosa mwanga na matawi yanavunjika. Kwenye ukuta mtu anaona upande wake tu, wa pili nani anautazama?

Ua_la_Asubuhi

Fundi amesema kweli yote ila mimi niseme na upande wa pili, maana mtu akisoma hapo juu anaweza kuona ni jini na sio ua.

Nimekuwa na wangu muda mrefu, uko kwenye pipa la saruji juu ya matofali, na sijawahi kuona mmea unaonipa raha kama huu. Asubuhi na mapema wanakuja wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, yaani ua linameza nyuki mzima, anaingia mpaka unaona kisigino tu alafu anatoka mgongo umejaa poda nyeupe ya chavua. Na ukitazama machipukizi ya maua kabla hayajafunguka utakuta sisimizi wamejaa. Watu wengi wakiona sisimizi wanakimbilia dawa. Usipige dawa. Mmea wenyewe unatoa matone ya utamu nje ya ua, pale kwenye yale magamba mawili ya kijani yanayofunika chipukizi, sisimizi wanalamba pale na wala hawali ua, tena wanafukuza wadudu wengine.

Kuhusu chungu jibu ni ndiyo unatulia, ila kwa masharti. Chungu kikubwa kweli, chenye lita mia hivi au zaidi, na KISIGUSE udongo. Watu wanaweka chungu juu ya ardhi alafu wanasema kimezuia, kumbe mzizi umeshatoka kwa lile tundu la maji chini na umezama, miaka miwili mbele unasukuma chungu hakisogei. Weka juu ya matofali, kwenye sakafu ya zege, uwe unaweza kuinama ukaona chini yake. Kila ukimwagilia inama uangalie.

Mbolea usizidishe. Nimeona watu wanajaza samadi na ile mbolea ya kukuza majani alafu wanalalamika haitoi maua, sasa itoe maua ya nini wakati umeipa chakula cha majani? Jua la kutosha, maji ya kutosha kipindi cha kiangazi, mboji kidogo juu, basi. Maua yanatoka kwenye machipukizi mapya kwa hiyo ukipogoa baada ya msimu mmoja wa maua unakuwa umeuandaa msimu unaofuata. Mimi napogoa kwa nguvu, naacha mashina makuu tu, na haunuki wala haununi, unarudi.

Kitu kingine ua lake halikai muda mrefu, linaanguka zima zima, ukiwa na sakafu ya vigae chini basi ufagie kila siku maana yakilowa yanateleza vibaya sana, hasa kwa wazee.

Mpenda_Kivuli

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimeenda kuangalia jani, ni lile pana lenye kingo za pembepembe na kweli linakwaruza. Kwa hiyo ni grandiflora.

Hili la chungu nimelipenda. Nikiweka vyungu vitatu kwenye ile mita kumi, nikafunga waya kwenye ukuta, itatosha? Na hili nililisahau mwanzo, nyuma ya ukuta wangu kuna korongo dogo la maji ya mvua, wakati wa masika linajaa, kiangazi ni majani tu, hakuna mtu anakaa huko. Nilikuwa nawaza hata mmea ukiangukia upande ule sio mbaya, utapafunika pale panapendeza, sasa hivi ni kichaka tu.

Fundi_wa_Bustani

Hapo kwenye korongo jibu langu linabadilika. Usiupande. Hata kwenye chungu.

Nikueleze kwa nini ili usione nakukataza tu. Mmea huu sehemu unayoipenda kuliko zote ni kando ya maji, udongo mnyevu, jua juu. Matawi yako yakivuka ukuta yatagusa chini upande wa pili ambako hakuna mtu wa kuyaona, kila pingili itashika. Masika maji yakija kwa nguvu yanang'oa vipande vya shina na vya mzizi yanavipeleka chini, vinakwama kwenye kona ya korongo, vinaota. Hapo haupo tena kwenye ukuta wako, upo kwa watu usiowajua, na msituni. Asili yake ni kaskazini mwa India, Bangladesh, Myanmar na kuelekea kusini mwa China, huko una wadudu wake na magonjwa yake yanayoupunguza. Ukipelekwa kwingine hauna wa kuupunguza. Kule Queensland, Australia, ulipelekwa kama ua la bustani tu hivihivi, leo uko kwenye kingo za mito ya kaskazini umefunika miti, wameuweka kwenye orodha ya mimea vamizi na hairuhusiwi kuuza wala kumgawia mtu. Ulianza bustanini kwa watu wanaopenda maua kama wewe na mimi.

Na kichaka unachokiona kwenye korongo usikidharau, kile ndicho kinachoshika udongo wa kingo. Mtambazi huu ukikifunika unakiua kwa kiza, na mtambazi wenyewe haushiki kingo vizuri, sasa masika ikija udongo unaondoka, na ukuta wako uko juu ya huo udongo.

Ua_la_Asubuhi

Naungana na Fundi hapo. Wangu uko katikati ya uwanja wa zege, kila upande naona. Kwenye korongo nisingethubutu. Mimi nasafiri wiki chache tu nikirudi nakuta tawi limeshavuka njia limeshika fensi, sasa fikiria upande ambao haupiti kabisa.

Ila usikate tamaa, bluu zipo nyingine. Umewahi kuona Petrea volubilis? Ua lake ni la zambarau lenye bluu ndani, nyota nyota ndogo zimepangana kwenye mkufu mrefu, na raha yake ni kwamba lile ua la katikati likianguka zile nyota za nje zinabaki wiki kadhaa zikipauka taratibu, kwa hiyo mkufu mmoja una rangi mbili tatu. Jani lake linakwaruza zaidi hata ya hilo ulilolishika, kama msasa. Asili yake Meksiko na Amerika ya Kati mpaka kusini huko. Nao unajisokota, unataka waya na jua kali, ukuta wako unaufaa kabisa. Ubaya wake mmoja, mwanzo ni wa taratibu, miaka miwili mitatu ya kwanza unaweza kudhani umekufa umesimama.

Mpenda_Kivuli

Ahsante. Kwa kweli nilikuwa sijawaza kabisa habari ya maji kubeba vipande, na ukuta wangu kweli uko juu ya kingo. Basi nimeuacha. Petrea nimeitafuta picha, nimeipenda. Lakini miaka mitatu na hilo joto? Hakuna cha kuziba pengo wakati nasubiri? Na bogenvilia je, maana nayo inavumilia jua.

Jembe_na_Mboji

Nimekuwa nasoma tu, niingie hapo kwenye pengo. Panda Clitoria ternatea, ile yenye maua ya bluu iliyokoza kabisa, petali moja kubwa mbele imekaa kama ganda la chaza. Unaotesha kwa mbegu, loweka usiku mzima ndiyo uzike, na kama ganda la mbegu ni gumu sana likwaruze kidogo upande mmoja maji yaingie. Ndani ya miezi michache inakuwa imepanda mita mbili tatu na inatoa maua bila kupumzika. Ni jamii ya kunde kwa hiyo inaweka naitrojeni kwenye udongo, Petrea yako itakula humohumo. Haina viazi chini, ukichoka nayo unaing'oa kwa mkono. Ila vuna maganda yake kabla hayajakauka na kupasuka, hasa upande wa korongo, maana inajiotesha yenyewe kwa mbegu na sitaki tukutoe kwenye shida moja tukuingize kwenye nyingine.

Bogenvilia ni nzuri kwa jua na ukame, na haisambai kwa mizizi. Ila ina miiba na haijisokoti, inaegemea tu, kwa hiyo wewe ndiye utakayekuwa unaifunga kwenye waya kila mara na mikono inachanika. Kama watoto wanacheza karibu na ukuta mimi ningeiacha.

Waya usiugusishe na tofali. Piga vishikizi vinavyotokeza kama upana wa kiganja, nyosha waya usioshika kutu, mstari mmoja kila nusu mita kwenda juu. Ile nafasi ya nyuma inapitisha hewa, majani hayashiki ukungu na ukuta wenyewe unapoa zaidi kuliko majani yakiulalia.

Msomaji_Kimya

Samahani naingilia. Mimi huo wa bluu tayari ninao, niliukuta kwenye nyumba tuliyohamia, umeshafunika mparachichi wote. Nataka kuutoa. Nimeshakata mashina yote chini na baada ya mvua yote yamerudi mengi zaidi. Nifanyeje nisiumize mti?

Fundi_wa_Bustani

Pole. Inawezekana, ila ni kazi ya miezi, labda misimu miwili, jiandae hivyo.

Usiyavute matawi yaliyo juu ya mti, utavunja matawi ya mparachichi. Kata mashina yote usawa wa kiuno na tena usawa wa ardhi, toa kile kipande cha katikati, yale ya juu yaache yakaukie hukohuko, yatadondoka yenyewe. Sasa umeona mashina yanapoingilia ardhini. Chimba kwa sururu taratibu, anza mbali kidogo na shina uje ndani, lengo ni kukitoa kile kiazi kizima, sio kukipasua. Ukikipasua okota kila kipande. Nenda kwa mikono pale karibu na mizizi ya mparachichi, mizizi yake mingi ya kulia chakula iko juujuu na haipendi kukwanguliwa.

Pale ambapo kiazi kimeingia chini ya ukuta au katikati ya mizizi ya mti na hakichimbiki, ndiyo watu wanatumia dawa ya kuua magugu yenye glaifoseti. Hainyunyiziwi hovyo. Unakata shina, na palepale, kabla jeraha halijaanza kukauka, unapaka dawa kwa brashi kwenye uso wa shina ulilokata. Ukichelewa dakika kadhaa haishuki kwenye mzizi. Fuata vipimo vya kwenye lebo, vaa glavu, na isiguse gome wala chipukizi la mparachichi. Kama kuna maji karibu usitumie bila kumuuliza mtaalamu wa kilimo.

Alafu kila wiki mbili zunguka. Chipukizi lolote jipya likiwa fupi ling'oe au likate palepale, usiliache lifike hata kwenye goti. Kila chipukizi linalotoka limetumia akiba ya kile kiazi, na likikatwa kabla halijatengeneza chakula, kiazi kinapungua. Ukiruka mwezi mmoja tu wa mvua umekirudishia nguvu.

Na ulichokata usikitupe korongoni, wala kwenye shimo la mboji. Mashina tandaza juu ya bati au zege kwenye jua mpaka yavunjike ukiyakunja. Viazi vikate vipande vidogo, viweke kwenye mfuko mweusi uliofungwa, uache juani mpaka vioze kabisa.

Msomaji_Kimya

Shukrani sana. Kwa hiyo kosa ni kuviacha vichipue. Mparachichi utapona kweli? Majani ya ndani yote yamepukutika.

Fundi_wa_Bustani

Kama ukikwangua gome la tawi kwa kucha unaona kijani, lipo hai. Ila usipogoe sasa, na gome lililozoea kivuli likipata jua kali ghafla linaungua, kwa hiyo paka mashina makubwa chokaa iliyochanganywa na maji upande unaopigwa na jua. Weka matandazo ya majani makavu chini, yasiguse shina, mwagilia kiangazi. Msimu ujao utaona.

Mpenda_Kivuli

Nimeshapata mbegu za Clitoria, nimeloweka tayari. Petrea natafuta mche. Nimeongea na rafiki yangu pia habari ya pagola yake, amesema kwake hakuna mto ila jirani yake wa nyuma ameshaanza kuona matawi kwenye michungwa. Nimemwambia asome hapa. Fundi, aanzie wapi yeye, maana hataki kuutoa?

Fundi_wa_Bustani

Aanzie kwa jirani, sio kwake. Aende na mkasi na gunia, aombe ruhusa, atoe matawi yote kwenye ile michungwa na afukunyue pale yalipogusa udongo atoe kila kilichoshika. Alafu kwake apunguze mmea mpaka ubaki mita moja nzima bila jani kati ya pagola na fensi, pande zote, na hiyo mita aipitie kila wiki. Na yale magunia ya vipandikizi anayogawia watu, aache kugawa.